Si lazima usimulie yote: tiba za upole kwa kumbukumbu za kiwewe, na maana yake kwa wanaovuka mpaka Busia na Malaba

Wapo watu wengi katika makazi ya wakimbizi ambao wanajua kwamba hawako sawa, lakini hawaendi kwa mshauri nasaha. Sababu wanayoitoa mara nyingi ni moja: hawataki kueleza tena yaliyowapata. Wanaogopa kwamba wakikaa kwenye kiti kile wataambiwa waanze mwanzo, waseme nani alikufa, nani alibakwa, damu ilimwagika wapi.

Hofu hiyo ina msingi, lakini si lazima imzuie mtu kupata msaada. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, baadhi ya utafiti muhimu duniani kuhusu kutibu kiwewe umefanyika hapa kwetu: Uganda, Kenya na mashariki mwa Kongo. Unaonyesha kwamba zipo tiba zinazosaidia bila kumlazimisha mtu kusimulia tukio lote. Unaonyesha pia kwamba hata kusimulia, kukifanywa kwa utaratibu, hakumvunji mtu kama wengi wanavyodhani. Uchambuzi huu unaeleza tofauti hizo, na unauliza zina maana gani kwa mtu anayevuka mpaka Busia au Malaba leo, wakati fedha za misaada zimepungua.

Kwa nini tunalizungumzia sasa

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Mashirika yanayohudumia wakimbizi Uganda na Kenya yalipunguza wafanyakazi, na mengine yalifunga miradi. Mei mwaka huo, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilisema limesitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Kakuma nako mgao wa chakula ulikatwa, na watu wakaandamana.

Fedha zinapokatwa, huduma za afya ya akili huwa miongoni mwa za kwanza kuguswa, kwa kuwa jeraha lake halionekani kwa macho. Wakati huo huo njaa humwongezea mtu mzigo. Aliyekuwa akijikaza kwa sababu ana kazi na chakula, akivikosa, yale ya zamani humrudia usiku. Kwa hiyo swali la tiba fupi, ya bei nafuu, inayoweza kutolewa na mtu wa jamii aliyefunzwa, limekuwa swali la nani atapata msaada na nani atakosa kabisa.

Mpaka huu una historia yake

Watu wa Masinya, Busia mjini, Malaba na Tororo hawahitaji kufundishwa maana ya ukimbizi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, vurugu ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza zaidi ya 600,000 kutoka makwao. Wakenya wapatao 12,000 walivuka kuingia Uganda, wengi wao kupitia Busia na Malaba. Walipokewa kwanza kwenye shule na majengo ya karibu na mpaka, kisha wakapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo. Baadaye wale ambao hawakurudi walihamishiwa makazi ya Kiryandongo, magharibi mwa Uganda, mahali palipokuwa pamewapokea Wasudani tangu miaka ya 1990.

Katika mwendo huo kuna somo. Mtu alivuka mpaka akiwa na majivu ya nyumba yake kichwani, akakaa shuleni siku kadhaa, akahamia Mulanda miezi kadhaa, akahamia tena Kiryandongo. Katika kila kituo alikutana na watu wapya wenye daftari na maswali. Tiba inayohitaji vikao 12 na mshauri yule yule ingeanzia wapi na kuishia wapi?

Hali hiyo haijaisha. Leo mpaka huu ni njia ya watu wanaotoka Kakuma kwenda makazi ya Uganda, wanaotoka Uganda kutafuta jamaa au kazi Nairobi, na wafanyabiashara waliowahi kuwa wakimbizi. Busia na Tororo si makazi ya wakimbizi. Ni mahali pa kupita, na tiba ya mahali pa kupita haiwezi kufanana na ya mahali pa kukaa.

Kumbukumbu ya kiwewe inafanya kazi vipi

Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Ukikumbuka harusi ya dada yako, unajua ilikuwa zamani na imekwisha. Kumbukumbu ya kiwewe mara nyingi haina tarehe hiyo. Harufu ya moto, mlio wa pikipiki usiku, au mtu aliyevaa sare huileta nzima: moyo unaenda mbio, jasho linatoka, mwili unajiandaa kukimbia kama vile jambo linatokea sasa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa salama Tororo na mwili wake bado uko Bor au Masisi.

Wengi hupata hali hii wiki za kwanza, kisha inapungua yenyewe wakipata usalama, usingizi na watu wa karibu. Wengine haipungui. Wanaota jinamizi, wanakwepa kila kinachowakumbusha, wanashtuka kwa kitu kidogo, wanakuwa na hasira au ganzi. Hali hii ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu maisha ya kila siku, wataalamu huiita msongo wa baada ya kiwewe. Haina uhusiano na mapepo wala udhaifu wa imani, na inatibika.

Kuhojiwa si kutibiwa

Mkimbizi husimulia kisa chake mara nyingi: kwa polisi, kwa Ofisi ya Waziri Mkuu Uganda au Idara ya Huduma za Wakimbizi Kenya, kwa UNHCR, kwa daktari, kwa mwanasheria, wakati mwingine kwa mwandishi wa habari. Maswali yale yana kazi yake. Anayekuhoji kuhusu hadhi ya ukimbizi anataka kujua nani, lini na wapi, ili aamue ombi lako. Hapangi kukutuliza baada ya swali la mwisho. Unatoka ofisini na kumbukumbu imefunguka, unapanda bodaboda kurudi nyumbani, na usiku hulali.

Ukishapitia hayo mara nne au tano, ni rahisi kuamini kwamba tiba nayo ni mahojiano ya sita. Waliofunzwa vizuri wanajua tofauti hii. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na washirika wake mwaka 2011 unasema wazi kwamba anayesaidia asimlazimishe mtu kueleza yaliyotokea. Mwaka 2013 WHO ilikwenda mbali zaidi: ilishauri watu waliotoka kwenye tukio la kutisha wasiwekwe kikao cha kuwafanya wasimulie mara moja kama njia ya kuzuia kiwewe, kwa sababu hakuna ushahidi kwamba kikao hicho kinazuia. Ilishauri pia wasipewe dawa za usingizi za aina ya diazepamu kwa ajili ya kupunguza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Dawa hizo huzoeleka, na hazitibu kumbukumbu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini kufichua maradhi ni jambo moja, na kusimulia kila kilichotokea ni jambo jingine. Ukimwambia muuguzi, "Silali, ninaota vita kila usiku," umeshafichua maradhi. Hujadaiwa zaidi ya hapo siku hiyo.

Tiba zisizodai masimulizi

Mfano wenye nguvu unatoka Kivu Kusini. Watafiti walifanya kazi na wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vingine walikaa vikundi vidogo na kujifunza tiba ya kuchambua mawazo, iliyoanzishwa Marekani na Patricia Resick. Walioiongoza walikuwa wasaidizi wa jamii, wala si madaktari.

Katika vikundi vile wanawake hawakutakiwa kusimulia kubakwa kwao mbele ya wenzao. Walifanya kazi na mawazo yaliyobaki: "Ni kosa langu," "Mimi ni mchafu," "Hakuna wa kuaminika tena." Walijifunza kuuliza kila wazo: lina ushahidi gani? Linanisaidia nini? Kuna namna nyingine ya kuliona? Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa katika vikundi bado walikuwa na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Matokeo ya dalili za kiwewe yalifuata mwelekeo huo huo. Haya yalitokea huku mapigano yakiendelea katika eneo hilo, na wanawake wengi hawakujua kusoma.

Mfano wa pili ni Rhino Camp, West Nile. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa programu ya WHO iliyochapishwa mwaka 2020. Walioipata walikusanyika katika makundi makubwa kwa vikao vitano. Mafunzo yalichezwa kwa sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na wawezeshaji waliopata mafunzo mafupi waliongoza mazoezi: kupumua na kurudisha akili hapa ulipo, kumtazama mwenzako kwa huruma na kujitazama hivyo hivyo, kuruhusu wazo baya lipite bila kupigana nalo. Hakuna aliyeulizwa kisa chake. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale ambao hawakuipata.

Mfano wa tatu uko Nairobi. Wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Wahudumu wa afya ya jamii walitoa vikao vitano vya ana kwa ana: kushughulikia tatizo moja baada ya jingine, kutuliza mwili, kurudi kwenye shughuli, kutafuta watu wa kukutegemeza. Hali yao iliimarika zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida.

Huko nyuma kabisa, mwaka 2003, vikundi vya Masaka na Rakai vilionyesha kwamba wanakijiji waliokaa pamoja kila wiki kwa wiki 16, wakizungumza kuhusu misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha yao ya sasa, walitoka katika sonona kwa wingi. Mwishoni asilimia 6.5 walikuwa bado wanaumwa, dhidi ya asilimia 54.7 katika vijiji ambavyo havikupata vikundi. Utafiti ule ulihusu sonona wala si kiwewe, lakini ndio uliofungua njia kwa vikundi vingi vilivyofuata Uganda.

Kusimulia nako kunaweza kuwa na upole

Ingekuwa rahisi kusema: basi tusisimulie kamwe. Ushahidi wa Uganda wenyewe unakataa.

Katika makazi ya Imvepi, Wasudani 43 wenye msongo wa kiwewe waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipata vikao vinne vya tiba ya masimulizi ya maisha, iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. La pili lilipata ushauri wa kawaida, na la tatu elimu tu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya kundi la kwanza bado walikuwa na ugonjwa huo. Katika makundi mengine mawili walikuwa karibu asilimia 80.

Kisha ikaja Nakivale. Wanyarwanda na Wasomali 277 walishiriki, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki chache. Kati ya waliopata tiba ya masimulizi, asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa. Kwa waliopata ushauri ulio huru zaidi ni asilimia 65, na kwa waliofuatiliwa tu ni asilimia 37. Lililoshangaza ni hili: walioacha katikati walikuwa asilimia 4 tu katika tiba ya masimulizi, lakini asilimia 21 katika ushauri huru.

Kwa nini watu walikaa? Sehemu ya jibu iko katika namna inavyofanyika. Mshauri haanzi na siku mbaya. Anaweka kamba chini, mwanzo wake ni kuzaliwa kwako. Unaweka maua penye mema: mwalimu aliyekupenda, mtoto wa kwanza, mavuno. Unaweka mawe penye mabaya. Kisha mnatembea polepole tangu utotoni, na mnapofika kwenye jiwe mshauri hakuachi hapo. Mnalipita pamoja hadi upande wa pili, mpaka moyo utulie, ndipo kikao kinafungwa. Mwishoni unapewa maisha yako yote yakiwa yameandikwa. Tukio linapata tarehe, na kitu chenye tarehe kinaweza kuwa cha zamani.

Iko pia tiba ya EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro, Mmarekani, mwaka 1987. Mgonjwa hushikilia kumbukumbu kichwani kwa muda mfupi huku akifuata kwa macho mkono wa mtoa tiba unaokwenda kushoto na kulia, au akiguswa mikono kwa zamu. Hahitaji kueleza kwa maneno kila alichokiona. WHO inaikubali kwa watu wazima na watoto wenye msongo wa baada ya kiwewe. Upungufu wake kwetu ni kwamba inahitaji mtu aliyefunzwa na kusimamiwa vizuri, na wengi wao wako mijini. Siku hizi zimezuka pia mbinu nyepesi zaidi, ambapo mgonjwa anagusa kumbukumbu kwa sekunde tu huku akili yake ikiwa kwenye jambo la furaha. Zinatia matumaini, lakini ushahidi wake bado ni mchanga. Mtu akikuahidi kupona kwa kikao kimoja, uwe na tahadhari.

Upole una mipaka yake

Ukiweka matokeo haya pamoja, picha inakuwa wazi. Programu fupi za makundi makubwa hufikia watu wengi kwa gharama ndogo na hupunguza mzigo. Hazimponyi kila mtu. Katika Rhino Camp nafuu ilikuwa kubwa mara tu baada ya mafunzo kuliko miezi mitatu baadaye. Mwenye ugonjwa mzito atahitaji hatua ya pili, na hatua hiyo inaweza kuhusu kumbukumbu yenyewe.

Hatari yenyewe ni mashirika kuchagua programu ya vikao vitano kwa sababu ni rahisi, kisha kuhesabu idadi ya waliohudhuria na kufunga faili. Anayebaki akiota jinamizi baada ya kikao cha tano ataambiwa aende wapi? Kama hakuna jibu, upole huo umekuwa namna nyingine ya kumtelekeza. Uganda ina hospitali ya taifa ya Butabika na Kenya ina Mathari, lakini ni mbali kwa mtu wa Masinya au Kiryandongo ambaye nauli yake ndiyo chakula cha wiki. Daraja kati ya kikundi cha kijijini na hospitali ya rufaa ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya au kaunti. Nafasi hiyo ndiyo ya kulindwa bajeti inapokatwa.

Upole pia hautibu njaa wala hofu ya kurudishwa. Mtu ambaye mgao wake umekatwa hana tatizo la kumbukumbu peke yake.

Mpakani kufanyike nini

Kwa Busia na Malaba kanuni inaweza kuwa fupi: usifungue usichoweza kufunga. Anayefika leo na kesho anaendelea na safari hahitaji kikao cha kiwewe. Anahitaji maji, mahali pa kulala, simu ya kumpigia jamaa, habari sahihi kuhusu usajili, na mtu mtulivu wa kukaa naye. Anaweza kufundishwa zoezi moja la kupumua au la kutaja vitu vitano anavyoviona pale alipo, nalo atasafiri nalo. Tiba yenyewe ianze atakapokuwa na anwani.

Anayeishi Busia au Tororo kwa muda mrefu, hata kama hana kambi, anaweza kuanza kwenye kituo cha afya cha serikali. Wahudumu wa afya wa kijiji upande wa Uganda na wahamasishaji wa afya ya jamii upande wa Kenya wanaweza kumwelekeza. Lugha nayo ni sehemu ya upole. Mwenye kiwewe asilazimishwe kutumia Kiswahili cha ofisini kama moyo wake unasema Kiarabu cha Juba, Kinyarwanda, Ateso au Kisamia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza

Una haki ya kumuuliza mshauri yeyote maswali haya, na mshauri mzuri hatakasirika:

- Je, nitatakiwa kusimulia yaliyonipata? Kama ndiyo, lini na kwa kiasi gani?
- Vikao ni vingapi, na nikihama kabla ya kumaliza itakuwaje?
- Ninaweza kusimamisha kikao nikizidiwa?
- Nani atajua ninachosema? Je, kitaingia kwenye faili langu la ukimbizi?
- Mkalimani ni nani? Ninaweza kumkataa kama ni mtu wa kijiji changu au wa upande ulionitesa?
- Nisipopata nafuu, utanipeleka wapi?

Kama wewe au mtu wa karibu anafikiria kujiua, anasikia sauti, au hali wala hanywi kwa siku kadhaa, usisubiri kikundi. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake njiani.

Kwa wengine wote, la kuanza nalo ni dogo. Mwambie mhudumu wa afya kwamba hulali, tangu lini, na kinachokushtua. Yaliyokupata yabaki kwako mpaka uwe tayari, na kama hutakuwa tayari, bado kuna namna ya kukusaidia.